Kimya cha Mashine ya Nne

Taavet, usiniulize tena mshahara.
Ni theluthi ya ule wa Tallinn,
na chumba changu hapa Tartu hupata joto upande mmoja tu,
upande wa jirani apikaye kabichi.
Nilikuja kwa treni ya alfajiri na masanduku mawili:
la nguo,
na la karatasi ambazo kwa miaka minne
nilijiambia nitazisoma Jumapili.

Unakumbuka tulivyouza?
Ahadi ni deni, tulisema,
na deni tutaliandika pasipofutika.
Tukaandika msimbo usiku kucha juu ya piza iliyopoa,
mkataba ukishika mkia wa mkataba,
mnyororo,
na wawekezaji wakapiga makofi kabla hatujafika kwenye nukta.
Kazi yangu ilikuwa vitufe.
Kile cha kijani, LIPA, nilikichora mara arobaini
hadi kivuli chake kikanipendeza.
Chini yake sikuwahi kuchungulia.

Halafu Februari ile
kebo ilikatika mahali fulani,
na mashine zetu zikagawanyika makundi mawili,
kila kundi likidhani wenzake wamekufa,
kila kundi likiandika ukweli wake.
Dakika kumi na moja.
Mtandao uliporudi, daftari likachagua ukweli mmoja
likaumeza mwingine
bila hata kubeua.

Ndani ya ule uliomezwa alikuwemo Bi Helju wa Võru,
na malipo ya kuni zake za baridi.
Hakufoka, Taavet. Angefoka ningepona.
Aliuliza tu: "Binti, jana simu iliniambia nimelipa.
Leo inasema sijalipa.
Ilinidanganya lini?"
Fedha nilimrudishia, za mfukoni mwangu.
Swali sikumrudishia. Ninalo bado.

Hapa hatuuzi kitu.
Profesa Vaike (jina lake, kwa lugha yetu, lina kimya ndani)
alinipa chaki siku ya kwanza:
"Chora mashine tano. Ya nne haijibu.
Nithibitishie kwamba imekufa."
Nikachora, nikathibitisha. Akafuta kwa kiwiko.
"Labda iko mbali. Labda inawaza.
Labda ilijibu, na jibu limekwama njiani."
Nikachora tena.
Wiki tatu, chaki hadi kwenye nyusi.

Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga.
Hawakusema tuusubiri mshindo huo
kwa muda gani.
Sekunde mbili? Saa? Ukingoja kidogo
unamzika aliye hai;
ukingoja sana, Bi Helju analala kwenye baridi.
Kati ya kufa na kuchelewa
hakuna alama.
Tulijenga ghorofa saba juu ya pengo hilo
tukapaka rangi ya kijani.

Mama aliuliza ninafanya nini siku hizi.
Natafuta, nikamwambia, jinsi mashine zinavyoweza kukubaliana
huku hakuna inayomwona mwenzake,
saa zao hazilingani,
na mmoja wao pengine ni mwongo.
"Ah," akasema, "kama kikao cha wapangaji wa jengo letu."
Nikacheka, kisha nikaandika hilo pembeni mwa daftari,
maana yeye, katika kikao hicho,
ndiye huhesabu mikono mara mbili.

Jana nilipata ukurasa mmoja uliosimama.
Leo mchana ukaanguka, mstari wa kumi na tisa:
nilikuwa nimedhani, bila kusema,
kwamba kila ujumbe hufika.
Nilikwenda kutazama mto umeganda, nikala mkate mweusi, nikarudi.
Sikukasirika. Hilo ndilo geni kwangu:
kule, kosa lilikuwa aibu ya kuzimwa kabla wateja hawajaamka;
huku, linabandikwa ukutani
na watu wanakuja na kahawa kulitazama.

Sikulaani kazi yetu, nakuomba usielewe hivyo.
Kitufe kile bado nakipenda.
Ila nataka kujua kinasimama juu ya nini.

Na barua zako tatu nilizipata.
Kimya changu cha majuma sita
usikisome vibaya.
Sikuwa nimekufa.
Nilikuwa nachelewa.